Uzi: Nimepata nafasi ya kujitolea Madagaska kama mshauri wa mabonde ya mito. Niende, ilhali vilima vya Bukavu vinaporomoka?

#1 Agronomu wa Kabare

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Mimi ni agronomu, mzaliwa wa Kabare, na ninakaa Kadutu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kulinda udongo wa miteremko ya Kabare, Walungu na Kalehe: kupima mistari ya usawa kwa fremu ya A (kifaa cha miti chenye umbo la herufi A), kuchimba mitaro ya kukata mwendo wa maji, kupanda majani ya bingobingo na setaria kwenye kingo, na kuziba makorongo kwa mawe na vigingi. Mwezi uliopita shirika moja la kujitolea limenikubali niende Madagaska kwa mwaka mmoja, kando ya ziwa Alaotra, nikawe mshauri wa usimamizi wa bonde la mto. Watalipa tikiti, nyumba, bima ya afya na posho ya kuishi. Mshahara hakuna.

Baba yangu aliposikia habari hiyo aliniuliza neno moja tu: "Ukifika huko, utajuaje maji yao yanapita wapi?" Mke wangu aliniuliza jingine: mvua za mwezi wa tisa zikianza, nani atakayesafisha mtaro ulio nyuma ya nyumba yetu? Nimeshindwa kuwajibu wote wawili.

Msimamo wangu ni huu: ujuzi wa mteremko mmoja unaweza kusafiri hadi mteremko mwingine, kwa sababu maji hushuka kila mahali duniani. Kama nimekosea, nielezeni nilipokosea. Natakiwa kutoa jibu kabla ya tarehe 30.

#2 Mkaaji wa Funu

Hongera, ndugu. Lakini ukipita kwetu Funu utaona nyumba zilizopasuka kuta, zikazibwa kwa saruji, kisha zikapasuka tena palepale. Ardhi yetu inatembea polepole mwaka hadi mwaka, na sijamwona mshauri yeyote akipanda huku kutuuliza habari zake. Sikukatazi kwenda, ila nimeumia kidogo niliposoma ujumbe wako.

#3 Mama Nsimire

Mwanangu, tuanze na tumbo kabla ya vilima. Hiyo posho italipwa wapi? Tangu mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, benki zilifungwa, na sisi tulio na watoto nje tunajua taabu ya kupata fedha zao. Kama watakulipa kwenye akaunti ya huko huko Madagaska, mkeo atakula nini hapa? Uliza jambo hili na ulipate kwa maandishi.

#4 Aliyerudi Safari

Mama Nsimire amegusa jambo ambalo vijana wengi hulisahau, nami nitaongeza ninayoyajua, kwa kuwa nilijitolea nchini Nijeri kwa miaka miwili.

Kwanza, msichanganye mashirika. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, huchukua raia wa Marekani peke yao, kwa hiyo Mkongomani asipoteze muda wake kutuma maombi huko. Mpango wa wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa ni tofauti. Baraza Kuu liliuanzisha mwaka 1970, makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani, na watu wa mataifa yote hupokelewa, wengi wao wakitoka katika nchi kama zetu. Posho ya mjitoleaji hukadiriwa kwa gharama za maisha za mahali anapopelekwa, na haikukusudiwa kumlisha mtu aliyebaki nyumbani ng'ambo ya bahari. Ndugu Agronomu, hesabu kwamba utakula wewe, na kwamba kitakachobaki cha kutuma kitakuwa kidogo.

Pili, kuhusu ujuzi unaosafiri. Nilifika Nijeri na kichwa kilichojaa Kivu. Hapa kwetu tunahangaika kuyaondoa maji mlimani kabla hayajabomoa. Kule ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, mvua ilinyesha kwa miezi michache tu, na kazi yote ilikuwa kulishika kila tone lisikimbie. Wakulima walikuwa wakichimba mashimo yenye umbo la nusu-mwezi, mdomo wake ukitazama juu ya mteremko, nami siku ya kwanza nikapendekeza mtaro wa kutolea maji. Wazee walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza maji hayo nataka yaende wapi. Nilikaa miezi minne nikijifunza kabla ya kusema neno lenye faida. Jirani zao wa Burkina Faso wana mfano mkubwa zaidi: Yacouba Sawadogo, mkulima aliyeyaboresha mashimo ya kale yaitwayo zaï na kuotesha msitu mahali palipokuwa uwanda mtupu, akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Huyo hakuletwa na shirika lolote.

#5 Mwalimu wa Bagira

Nafundisha jiografia, na nitajaribu kutosema mengi.

Ndugu Agronomu, usemi wako kwamba maji hushuka kila mahali ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Mvua ikifika juu ya kilima, sehemu yake hutiririka juu ya udongo, sehemu nyingine hunywewa na kushuka hadi inapokutana na tabaka lisilopitisha maji, na nyingine hurudi hewani kupitia majani ya mimea. Mtaro wako wa kukata maji huyazuia yale yanayotiririka na kuyalazimisha yanywewe. Katika mteremko ambao ugonjwa wake ni mmomonyoko wa juu, hiyo ni dawa. Lakini Bukavu imekaa juu ya miamba ya kale ya volkano ambayo imeoza kwa kina kirefu na kuwa mfinyanzi, na katika mteremko unaoteleza kwa chini, kama ule wa Funu alioutaja #2, maji unayoyanywesha kilima huongeza uzito wake na kuilainisha ile tabaka ya utelezi. Hapo mtaro huo huo unageuka sumu.

Huko uendako utakutana na lavaka. Kwa Kimalagasi neno hilo maana yake ni shimo: ni makorongo makubwa yaliyopanuka kichwani na kubanwa mdomoni, yanayokula vilima vyekundu vya nyanda za juu na kumwaga mchanga na tope kwenye mashamba ya mpunga. Nyingi huanza katikati ya mteremko, mbali na mto, jambo linaloonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi yana mkono wake. Wapo wanaosema chanzo ni kukata misitu na kuchoma malisho. Wapo wanajiolojia waliokuta kwamba lavaka ni nyingi zaidi kwenye maeneo yenye mitetemeko ya ardhi. Sisi tuliotikiswa tarehe 3 Februari 2008 hatupaswi kulishangaa wazo hilo, maana kilima kilichotikiswa hubaki na nyufa, na nyufa hunywa maji.

#6 Kijana wa Nyawera

Mwalimu, heshima yako, lakini mnatafuta mbali. Sababu ni moja: miti imekwisha. Watu wanachoma makaa, mlima unabaki uchi, mvua inakuja, mlima unashuka. Maafa ya mafuriko ya Kalehe ya Aprili 2023 yalitokana na hilo. Agronomu aende akapande miti Madagaska, arudi aipande hapa, na maneno yaishe.

#7 Mwana Kalehe

Ndugu wa #6, haikuwa Aprili. Ilikuwa Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, na naikumbuka siku kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya soko la Nyamukubi. Watu walikuwa wametoka vijiji vingi, wengine kwa mitumbwi, ndiyo maana vifo vya Nyamukubi na Bushushu vilizidi 400, na wapo ambao hawakuonekana hadi leo. Shangazi yangu alikuwa ameenda kuuza mafuta ya mawese.

Sikatai kwamba miti imekatwa. Lakini nimekulia pale, na ninawaomba mtazame mahali vijiji vyenyewe vilipo. Milima inasimama wima nyuma yetu, ziwa liko mbele, na sehemu tambarare pekee ni ule ulimi wa mchanga na mawe ambao mto wenyewe uliuleta kutoka juu, mafuriko baada ya mafuriko, tangu zamani. Tulijenga nyumba na soko juu ya kitu ambacho mto ulikileta, na siku moja mto ukaleta kingine. Babu yangu alikuwa akionyesha mawe makubwa kuliko nyumba katikati ya shamba na kusema kwamba hayakuanguka kutoka mbinguni. Watu waliongezeka kwa sababu ya vita vya milimani: waliokimbia juu walitafuta usalama karibu na barabara na ziwa. Sasa niambieni, mshauri wa bonde angefanya nini hapo? Angewahamishia wapi?

#8 Mkaaji wa Funu

Pole sana, ndugu wa Kalehe.

#9 Mzee wa Walungu

Wanangu, nimewasoma wote. Nimeishi miaka mingi, na mitaro nimeiona ikichimbwa na kufukiwa, ikachimbwa na kufukiwa tena.

Wakati wa Wabelgiji baba zetu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko juu ya vilima vyote vya Bushi. Aliyekataa alitozwa faini au aliwekwa ndani. Mitaro ile ilikuwa mizuri, sisemi uongo. Hata leo ukipita Walungu asubuhi, jua likiwa bado liko chini, utaona mistari yake kama makovu kwenye ngozi ya kilima. Uhuru ulipokuja watu waliifukia kwa majembe yale yale waliyoichimbia, kwa kuwa kwao mtaro ulikuwa alama ya kiboko. Kisha ikaja salongo ya Mobutu, kazi ya lazima ya Jumamosi, na tukachimba tena huku tukitazama saa. Baada ya hapo yakaja mashirika yenye chakula na makuta, yaani fedha: mtu anachimba mita kumi, anapewa unga. Unga ulipokwisha, jembe lilirudi nyumbani.

Msidhani watu wetu ni wavivu. Tazameni ardhi ni ya nani. Aliyepata shamba kwa kalinzi, kwa kumpa chifu ng'ombe, ana haki ya kudumu, naye hupanda migomba, kahawa na miti kwa sababu wajukuu wake watakula. Lakini wengi, hasa wajane na vijana, wanalima kwa bwasa, wanalipa mwaka kwa mwaka, na mwenye shamba huwakataza kupanda chochote kinachodumu, kwa kuwa mti ni dai. Sasa wewe agronomu unamwambia mama wa bwasa atoe sehemu ya kishamba chake kwa mtaro na bingobingo, alinde udongo wa mtu mwingine, na mwakani labda anafukuzwa. Akikataa, unaandika kwenye ripoti kwamba anahitaji kuhamasishwa.

Ukienda Madagaska, kabla ya kushika hiyo fremu yako, uliza mashamba yanashikwaje.

#10 Agronomu wa Kabare

Mzee wangu, nimekusoma mara tatu. Neno "kuhamasishwa" nimeliandika kwenye ripoti zangu mara nyingi, na sasa naliona kwa macho mengine.

Mwalimu, kuhusu Funu nakubaliana nawe. Ila niseme kwamba fundi mwenye uangalifu hachimbi mtaro tambarare wa kunyweshea mahali penye dalili za mtelezo. Huupa mtaro mwinamo mdogo ili utoe maji hadi kwenye mkondo uliojengwa kwa mawe. Tatizo ni kwamba mwongozo tunaopewa huwa mmoja kwa teritori nzima, na anayepima kazi huhesabu mita zilizochimbwa. Hakuna anayerudi baada ya mvua tatu kuhesabu zilizobaki.

#11 Kigoma Ziwani

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Naomba tulisahihishe neno lenyewe, kwa sababu linapotosha. Mnasema "bonde", na msikilizaji anafikiri sehemu ya chini, tambarare, yenye mpunga. Jambo mnalolizungumzia ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake hukusanyika katika mto mmoja, kuanzia kwenye migongo ya milima. Kwetu Tanzania, bonde hutumika kwa eneo kubwa, na nchi imegawanywa katika mabonde tisa yenye bodi zake za maji. Sehemu ndogo ndani ya bonde huitwa dakio, yaani mahali maji yanapodakwa. Mkulima wa juu akiambiwa anaishi ndani ya dakio, anaelewa kwamba yeye ndiye mdakaji. Akiambiwa ni mambo ya bonde, anasema hayo ni ya watu wa chini.

#12 Mwana Kalehe

Dakio ni neno zuri. Huku kwetu likisemwa kwenye mkutano, watu watadhani unazungumzia mpira wa miguu na golikipa, lakini nitalijaribu.

#13 Binti wa Ibanda

Nimesomea sheria, na ningependa kuongeza juu ya aliyoyasema Mzee wa Walungu, kwa heshima zote. Kalinzi haimpi mtu usalama kamili kama zamani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya dola peke yake. Kuhusu ardhi za kimila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zake zingepangwa kwa agizo la Rais, na wakulima wamelingojea agizo hilo kwa miongo mingi. Katika pengo hilo, mwenye fedha na karatasi za mjini amekuwa akichukua kilima kizima chenye watu wa kalinzi ndani yake. Kwa hiyo hata mwenye kalinzi anajiuliza kama mti wake utafika kwa wajukuu.

Madagaska ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu jumuiya za vijiji kupewa kwa mkataba usimamizi wa misitu, malisho na maji ya eneo lao, na mageuzi ya mwaka 2005 yaliondoa dhana kwamba ardhi isiyo na hati ni ya dola, yakafungua ofisi za ardhi kwenye komini ambako mkulima hupata cheti. Hapo Agronomu anaweza kwenda kujifunza jambo ambalo hapa hatunalo: je, mkulima mwenye cheti cha komini huitunza kingo ya mtaro zaidi ya asiye nacho? Mwaka mmoja unatosha kuanza kuuliza.

#14 Kijana wa Nyawera

Nimekubali masahihisho ya #7, na pole kwa shangazi. Lakini sijaacha hoja ya miti.

Na kuhusu lugha, Agronomu asiogope. Nimesikia kwamba Kimalagasi ni ndugu wa Kiswahili: ng'ombe wanasema *omby*, na kuku wanasema *akoho*.

#15 Mwalimu wa Bagira

Maneno hayo mawili ni ya kweli, lakini undugu ni wa kuazima. Kimalagasi ni lugha ya jamii ya Kiaustronesia, na jamaa zake wa karibu zaidi wako Borneo, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Majina ya mifugo waliyapata kwa watu wa pwani ya Afrika. Ataweza kuagiza kuku, lakini kwa mkutano wa kijiji atahitaji mkalimani, na Kifaransa kitamsaidia kwenye ofisi kuliko shambani.

#16 Mama Nsimire

Mwalimu alituahidi kwamba hatasema mengi, na tumefika mara ya pili! Endelea, Mwalimu, tunajifunza.

Ila nina neno zito. Mdogo wangu ni fundi wa vitalu vya miche, ana miaka ishirini kwenye kazi hiyo, na miche ya grevilea aliyoiotesha sasa ni miti mikubwa upande wa Kabare. Mradi mmoja ulimletea mjitoleaji kijana kutoka nje, asiyelipwa mshahara, na kwa sababu huyo alikuwa wa bure, nafasi ya mdogo wangu ikafutwa. Kijana alikuwa na moyo mwema, alilia siku alipojua. Aliondoka baada ya miezi kumi, na kitalu kikafa kiangazi kile kile. Mwanangu, hakikisha kwamba huko Alaotra hakuna fundi wa Kimalagasi atakayekaa nyumbani kwa sababu wewe umefika bila kudai mshahara.

#17 Fundi wa Ruzizi

Nimefanya kazi upande wa umeme, na naona kila mmoja anatazama mkulima wa juu tu. Tazameni chini pia. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu na kupita kwenye mabwawa ya umeme, la kwanza likiwa la mwisho wa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989. Takataka za plastiki za mji mzima, zinazoletwa na mvua kupitia Kawa na vijito vingine hadi ziwani, huishia kwenye mdomo wa bwawa la kwanza na kuziba njia ya maji, na mashine zikisimama mji unakaa gizani. Tope na plastiki havijui mpaka wa komini.

Kwa maoni yangu kazi za mabonde hushindwa kwa sababu faida na gharama hazikai mahali pamoja. Mkulima wa juu anachimba, na anayefaidika ni wa chini: mwenye umeme, mwenye maji ya bomba, mwenye mpunga. Wa chini wangemlipa wa juu, hata kidogo, mtaro ungesafishwa bila hotuba. Alaotra ni hivyo hivyo: mwenye mpunga yuko chini, mwenye ng'ombe na moto wa malisho yuko juu.

#18 Mzee wa Walungu

Fundi, wazo lako ni jema, lakini nani atakusanya hizo fedha hapa kwetu, na zitapita mikono mingapi kabla ya kufika juu? Mimi ningeiamini likilimba ya watu ishirini wanaojuana, leo tuchimbe kwako, wiki ijayo kwangu, kuliko mfuko wa mji mzima.

#19 Aliyerudi Safari

Namjibu Mama Nsimire, kwa sababu ameniuma kwa haki. Nijeri nilikuwa na mwenzangu mwenyeji, fundi wa wilaya, mwenye ujuzi kunizidi, na mshahara wake ulikuwa ukichelewa wakati posho yangu ikifika kwa wakati. Tulielewana kwa sababu nilimwambia wazi hesabu zangu. Lakini kama mkataba hautaji mwenyeji utakayefanya naye kazi, basi kuna jambo limefichwa au halijafikiriwa.

Na ndugu wa Funu, kuhusu uchungu wako: anayekwenda hakuondoi wewe kwenye orodha. Mimi niliporudi ndipo nilipoanza kutembea kwenye vilima vya mji huu nikiwa na macho ya kuuliza.

#20 Mkaaji wa Funu

Nashukuru. Basi nitoe kisa changu, maana #5 amenifumbua macho. Juu ya nyumba yetu kulichimbwa mitaro na mradi mmoja, kazi nzuri, iliyonyooka. Msimu wa kwanza maji hayakuingia tena uani, tukafurahi. Msimu wa pili ufa ulitokea chini ya mtaro, mrefu kama urefu wa parseli mbili, na ukuta wa jikoni ukasogea upana wa kiganja. Majirani wanasema ni mtaro. Wengine wanasema ni nyumba zilizoongezeka na maji ya kuoga yanayomwagwa kila siku ya mwaka, hata kiangazi. Mzee mmoja anasema ufa ulikuwapo tangu tetemeko la 2008, ila majani yaliuficha. Sijui nimwamini nani.

#21 Mwalimu wa Bagira

Huenda wote watatu wana sehemu yao. Piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila Jumapili na uandike kwenye daftari pamoja na siku za mvua. Kama unapanuka siku chache baada ya mvua kubwa, ni jambo moja. Kama unapanuka hata wakati wa kiangazi, tutazungumza juu ya maji ya nyumbani.

#22 Agronomu wa Kabare

Ndugu zangu, niliandikia shirika na kuuliza mambo manne mliyonipa: posho italipwa wapi, mwenzangu mwenyeji ni nani, mashamba yanashikwaje, na lavaka za pale zinachukuliwa kuwa na chanzo gani. Nimejibiwa jana.

Posho inaweza kugawanywa, nusu ilipwe huko na nusu itumwe kwa mke wangu kupitia simu. Mwenzangu ni fundi wa Kimalagasi mwenye mkataba wake, na mimi nitakuwa chini ya uratibu wake; hilo limenipendeza. Kuhusu mashamba, mpunga wa chini una vyeti kwa sehemu, lakini migongo ya vilima ni malisho ya wote, na huko ndiko lavaka zinakoanza. Kuhusu chanzo walinijibu kwamba wafugaji wanasema hili, wenye mpunga wanasema lile, na kwamba zipo lavaka za zamani zilizokwisha kutulia ambazo watu wamepanda mazao ndani yake, kwa kuwa chini yake pana unyevu. Sikuwahi kufikiri kwamba korongo linaweza kuwa bustani.

Nilimsomea baba majibu hayo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama huyo fundi mwenyeji ana baba anayeishi. Bado sijatia saini. Tarehe 30 ni wiki ijayo. Mke wangu amesema mtaro wa nyuma ya nyumba tutausafisha pamoja na kuujengea mkondo wa mawe kabla ya jibu lolote.

Ndugu wa Funu, usingoje vigingi tu. Jumamosi naweza kuja kuuona huo ufa, kama Mwalimu naye yuko tayari.

#23 Mkaaji wa Funu

Njooni saa 2 asubuhi, kabla ya jua kali. Leta fremu yako na kamba ndefu, na viatu vya matope, maana usiku wa kuamkia leo imenyesha.

#24 Mwalimu wa Bagira

Nitakuja. Mzee wa Walungu, ukiwa mjini siku hiyo, tunaomba macho yako pia.